Maneno ya Benchi

"Achia!"

"Siachii ng'o! Karia ni yangu, na fundo hili la kitambaa nimelifunga kwa vidole vyangu mwenyewe!"

Mama Cherehani, mshonaji wa chumba cha tatu, alikuwa ameing'ang'ania karia, kile kibebeo cha nyuma ya baiskeli, kama kupe. Upande wa pili Spoki, jirani yake, ameshika usukani. Ua mzima ulishatoka nje. Aliyekuwa anafua kaacha povu, aliyekuwa amelala katoka na shuka lake.

"Mama, nimeipata dukani, kwenye vya kutupwa."

"Vya kutupwa! Karia imeibwa, mume wangu alilia nusura azimie. Kumbe mwizi ndiye huyu ninayempa chumvi kila siku!"

Neno lile lingemponza Spoki. Jumatatu bosi wake alikuwa afungue duka la pili la baiskeli, na yeye, binti wa watu mwenye miguu myembamba kama jina lake, ndiye awe fundi mkuu. Lakini bosi hakuwa na mchezo: fundi anayegusa mali ya mteja huondoka siku hiyo hiyo.

Tusidanganyane, kazi ya duka la baiskeli haitajirishi mtu. Mshahara wa Jumamosi ukiingia mlangoni, dirishani unachungulia pa kutokea. Ila bosi aliweka desturi yake: mteja akisema "tupa," fundi achukue. Ndivyo Spoki alivyoiunda baiskeli yake kipande kwa kipande, usukani wa mwoka mikate, madgadi ya mwalimu, tandiko la bwana mmoja aliyenenepa ghafla.

Halafu kuna benchi. Wateja wakikaa pale kungoja pancha izibwe, midomo hulegea kuliko nati. Nani kamkimbia nani, nani kamficha nani. Spoki alipenda umbea kama paka na maziwa. Kwa ajili ya benchi lile angefanya kazi hata bure. Sharti lilikuwa moja tu: ya benchi hubaki kwenye benchi. Fundi mwenye mdomo, bosi alisema, atabaki na spana zake peke yake.

Na hapo ndipo lilipomkaba. Karia ile aliifungua kwa mkono wake, na aliyesema "tupa" alikuwa Kinyozi, mume wa Mama Cherehani. Sasa pazia la chumba cha tatu lilitikisika. Jicho moja likachungulia, likajificha.

Mpeleka habari hakosekani. Bosi akafika, grisi bado mikononi.

"Kuna nini hapa?"

"Fundi wako ni mwizi!" Mama Cherehani akadakia.

Bosi akamgeukia Spoki. "Umepewa na nani?"

"Mwenye nayo alisema nitupe."

"Nani huyo?"

"Aliyasema kwenye benchi, bosi."

Bosi akajikuna kidevu, akakiacha cheusi. Sheria zake mbili zilikuwa zimemkamata, moja kila mkono. "Binti," akasema taratibu, "usiponitajia, Jumatatu sina la kukusaidia."

Spoki akapangusa kope zilizolowa. "Ya benchi hubaki kwenye benchi, bosi."

"Basi jamani, basi!" Kinyozi akatoka, povu la kunyolea shavu moja. "Mwacheni. Nilimwambia mimi aitupe."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Wewe?" mkewe akauliza.

"Kila Jumapili nampakia mama yako kwenye karia, nakipanda naye kile kilima! Mama mkwe, mtu wa heshima zangu, kanikumbatia kiuno mbele ya kadamnasi! Wateja wangu wananipigia miluzi. Nimwambie simbebi? Ningeanzia wapi?"

Mama mkwe mwenyewe akatokea mlangoni, mwiko mkononi. "Kumbe tulikuwa wawili! Mwenzio nafumba macho njia nzima kwa aibu. Nikikataa, nasema, mkwe wangu atanuna. Natamani nitembee na wenzangu, nipate habari!"

Kicheko kilichopasuka hapo kiliamsha kuku. Bosi akamwinamia Spoki. "Ungekubali kweli kufukuzwa?"

"Ningelia kwanza."

"Jumatatu usichelewe. Funguo nitakukabidhi mwenyewe."

Mama Cherehani aliiachia karia kidole kimoja kimoja. Mdomo wake haukuzoea kuomba radhi. Akamkazia mumewe macho. "Wewe tutaongea. Nataka kujua yale machozi yalitoka wapi." Kisha akamgeukia jirani yake.

"Mwanangu, nimekuita mwizi mbele za watu."

"Umeniita, mama."

"Basi nakuita tena, na wote wasikie: maharage yameiva, ingia ndani tule."