Bei ya Ndege wa Mzee Liang

"Ndege! Mimi nna marobota kumi na mawili ya kufunga, we unanambia ndege!"

"Dada, usipige kelele, watu wamelala."

"Waamke! Wasikie mdogo wangu kaja China kutazama kunguru!"

"Si kunguru," Mwadini akasema, na yeye sauti imeshapanda. "Kunguru wamejaa kwetu Michenzani."

Safia ndiye dada yake aliyemleta Guangzhou kumsaidia biashara baada ya matokeo ya fomu foo kuja vibaya. Kasimama katikati ya chumba, selotepu mkononi. Ilikuwa Machi ya tisini na nane, saa kumi na mbili asubuhi, maduka ya Dengfeng bado hayajafunguliwa, lakini Mwadini kashavaa viatu. Mwezi mzima, kila Jumapili, alikuwa akifuatana na Mzee Liang, mwalimu mstaafu wa jengo la pili, hadi kwenye bustani za mboga nje ya mji. Yeye asiyeweza kutulia kwenye kiti dakika tano, huko anakaa kimya saa nzima, darubini ya mzee usoni, anatazama vindege vya kijani, vina duara jeupe machoni kama miwani, vinanyonya maua mekundu ya msufi. Hata mwenyewe alijishangaa.

"Leo huendi," Safia akasema. "Utakwenda Jumapili ijayo."

"Hatonichukua tena. Nimemuudhi."

"Umemfanya nini?"

Mwadini akajikuna kichwa. Jumapili iliyopita ndege mmoja wa kishungi alitua karibu kabisa, akaimba. Furaha ikamzidi, akataka kumwambia mzee kitu, chochote. Na Kichina chake chote kakiokota sokoni.

"Nilimwambia, laoban, duoshao qian?"

"Bosi, bei gani? Ndege wa porini?"

"Akanyamaza. Nikadhani hajasikia. Nikamwambia ghali, punguza."

Safia akakaa juu ya robota. "Mwadini! Kuna watu huko wanawatega ndege kwa nyavu, wanawauza. Mzee kakuona mnunuzi."

"Alininyang'anya darubini, dada. Njia nzima akatangulia mbele, hakunisubiri. Leo anaondoka saa moja. Nikimkosa, ataniweka hivyo hivyo moyoni, mtu wa nyavu."

"Sasa utamwambia nini? Maneno yenyewe huna."

"Bu yao. Sitaki."

"Hapo utakuwa umewakataa ndege wenyewe!" Kicheko kikamtoka Safia, kile cha nyumbani, cha kujipiga mapaja. Mwadini hajakisikia tangu aje. Akajaribu kununa, akashindwa, wakacheka wote wawili.

"Haya, sikiliza. Duibuqi. Ndiyo nisamehe. Sema."

"Duibuchi."

"Taratibu. Inamisha kichwa kidogo. Na usimwite bosi, hana duka yule. Mwite laoshi, mwalimu."

"Laoshi, duibuqi."

"Tena."

Akasema tena, na tena, mpaka Safia akaridhika. Kisha dada mtu akanyanyuka, akamvutia kofia mpaka masikioni, maana baridi ilikuwa haijaisha.

"Na marobota?"

"N'tafunga na jirani yetu Nahla. Saa sita uwe Mtaa wa Zhanqian kupakia mzigo. Ukichelewa, mimi ndo n'takayekuuza."

"Dada..."

"Nenda, utamkosa mzee wa watu!"

Akatoka, midomo inamchezacheza, laoshi, duibuqi, laoshi, duibuqi, akaufunga mlango nyuma yake polepole, yeye ambaye siku zote huubamiza.