Siku ya Mikono Ng'arika

Mji wa Ng'arika ulikaa juu ya kilima cha chokaa, kuta nyeupe, ngazi nyeupe, hata mbuzi weusi wakifichwa mabandani wageni wanapokuja, na wakazi wake ndani ya kanzu nyeupe walijipenda, jamani, walijipenda kupita kiasi. Mara moja kwa mwaka, Siku ya Mikono, walikusanyika uwanjani kumfukuza aliyeonekana mchafu. Aliyetaka mtu afukuzwe aliinua kiganja, nacho sharti kisiwe na doa.

Weupe wao wote ulitoka kwa dobi mmoja, Bi Mashavu, aliyezisuuza kanzu zao kwa buluu, ile rangi inayoondoa umanjano wa nguo. Miaka ishirini ya buluu ilikuwa imemganda viganjani. Hakuna aliyejali, mpaka mkuu wa mji, Bwana Fumbwe, alipoitamani nyumba ya dobi yenye chemchemi uani.

"Tuoneshe mikono yako," Fumbwe alimwambia mbele ya watu.

"Hii ni buluu ya kanzu yako, Bwana. Unaijua."

"Ninachokijua ni doa."

"Mama yangu alifia ndani ya nyumba ile. Niende wapi?"

Watu waliguna kwa huruma, kisha wakainua viganja vyao safi, wote. Lo, unafiki gani ule! Jioni hiyo hiyo Bi Mashavu alitoka mjini, na Fumbwe akahamishia kitanda chake katika nyumba ile.

Haukupita mwezi, kanzu zikaanza kupiga manjano. Kwa kuwa kufua kulikuwa aibu, kila mtu alijifungia ndani na beseni lake, na kwa kuwa hawakujua kwamba buluu hupimwa kwa kijiko, walimimina pakiti nzima, wakachovya mikono mpaka viwikoni, wakisuuza tena na tena hadi kanzu zirudie weupe, wiki baada ya wiki.

Siku ya Mikono iliporudi, uwanja ulikuwa mweupe pe, na mikono yote imo mifukoni. Bi Mashavu aliingia langoni taratibu. Mwaka mzima bila buluu, viganja vyake vilikuwa vimetakata.

"Huyu alifukuzwa!" Fumbwe alifoka. "Anayetaka atolewe tena, ainue mkono!"

Hakuna aliyeinua. Walitazamana, wakatazama chini. Bi Mashavu akapita katikati yao, akasimama mbele ya Fumbwe.

"Naomba ufunguo wa nyumba yangu, Bwana."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Fumbwe, mkono ukiwa umeukamata. Mji mzima ukageuka kuutazama mfuko ule.