Mwisho Ambao Mwalimu Mhando Hakuusoma

1

TANGAZO KWA WAFANYAKAZI
Duka la Vitabu la Semboja, Tanga

Kila mfanyakazi atasimamia rafu yake, na kila mwezi ataandika kadi moja ya kumpendekezea mteja kitabu alichokipenda.

(a) Ni marufuku kupendekeza kitabu ambacho mpendekezaji hajakisoma hadi neno la mwisho.
(b) Kadi itiwe saini kwa jina kamili.
(c) Aliyetia saini ndiye atakayejibu.

Limetungwa na Mwl. Zakaria Mhando, mwalimu mkuu mstaafu, msimamizi wa rafu ya upelelezi.

2

Kadi za mwezi wa nne, kama zilivyobandikwa:

MAPENZI. *Fundi Saa wa Pangani*. "Nimekisoma mara mbili, na mara zote mbili wali uliungua. Mume wangu hakipendi kitabu hiki." — Rukia Salehe Shekalaghe

NJOZI. *Mji Uliolindwa na Nyuki*. "Malkia wa humo ana miaka mia tatu na bado anamwogopa mama mkwe wake. Usikianze ukiwa na safari." — Tusekile Mwakalinga

UPELELEZI. *Funguo Tatu za Marehemu*. "Kazi iliyosukwa kwa ustadi. Mwisho wake utakushangaza." — Zakaria Petro Mhando

3

Irudie kadi ya tatu, msomaji. Ni fupi. Mwalimu Mhando alifundisha miaka thelathini na minane, na hakuwa mtu wa kukosa la kusema juu ya kitabu. Kadi zake za mwaka jana zilijaa mbele, zikaendelea nyuma, na moja ilikuwa na tanbihi.

Kitabu kina kurasa mia mbili na arobaini.

Alikuwa amesoma thelathini na moja.

4

Vitu ambavyo Mwalimu Mhando aliviona mwezi huo:

jina la kitabu juu ya jalada;
ngazi za duka, kwa kuwa alizijua;
rangi za kanga ya Rukia, ila si maneno yake.

Vitu ambavyo hakuviona:

herufi.

Ukungu mweupe ulianzia jicho la kushoto wakati wa Krismasi, kisha ukahamia la kulia bila kuaga. Alinunua kioo cha kukuzia, akawa anasoma nyumbani neno baada ya neno, kama achambuaye mchele wenye mawe mengi. Hakumwambia mtu. Rafu ile ndiyo iliyokuwa cheo chake cha mwisho, na asiyeona herufi atasimamia nini katika duka la vitabu? Basi kwa miezi minne alisoma mwanzo, akabuni yaliyosalia, akatia saini.

Kwa jina kamili.

5

(Yaliyosikika kaunta.)

"Dada Rukia, hiki kina mapenzi ndani?"
"Hicho cha mapishi, mpenzi. Lakini anza hapo hapo, mengine yatafuata."

"Siku hizi kadi za Mwalimu fupi kama simu ya maandishi."
"Shii, Tuse! Atakusikia."
"Nimekwisha kusikia, Tusekile. Na kitabu hicho umekiweka kichwa chini."
"Mwalimu, hili ni daftari."

6

Jumanne, saa nne asubuhi, aliingia Bi Mwanahamisi Kihiyo, karani wa mahakama ya mwanzo, amekishika kitabu kwa mikono miwili kama kielelezo cha kesi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekimaliza?"

"Hakimaliziki. Uliandika kwamba mwisho utanishangaza. Kweli umenishangaza, maana haupo."

Akakifungua juu ya kaunta, akasoma kwa sauti. Ukurasa wa mia mbili na nane: mpelelezi amewakusanya watu wote sebuleni, amefunga mlango, amesema, *Muuaji yumo humu ndani, naye ni*

Akafunua. Ukurasa wa mia moja sabini na saba. Mpelelezi yumo garini, anatafuta kofia yake.

"Kiwanda cha uchapaji kimerudia kurasa," akasema Rukia. Tusekile akakimbilia rafuni, akazifunua nakala nne zilizobaki. Zote, kofia.

Bi Nuru Semboja, mwenye duka, akatoka ofisini. "Tuwie radhi, Bi Kihiyo. Tutakurudishia pesa yako."

"Pesa siitaki. Namtaka muuaji. Kesi kuahirishwa nimezoea, lakini si namna hii! Mwalimu amekisoma hadi neno la mwisho, sheria yenu naijua. Basi na aniambie, nirudi kazini."

Watu wanne wakamgeukia. Aliziona nyuso zao kama sahani nne ndani ya moshi.

7

 

 

(Hapa palistahili jibu.)

 

 

8

Angeweza kusema *mpishi*. Kurasa thelathini na moja zilikuwa na mpishi mmoja mwenye chuki na kisu, na neno lilikuwa tayari limefika ulimini. Nani angejua? Lakini ni watoto wangapi aliowasimamisha mbele ya darasa kwa muhtasari wa kitabu wasichokisoma?

"Sijui," akasema.

"Umesahau, Mwalimu?"

"Sikusahau. Sikukisoma. Sikusoma hata vile vitatu vya kabla yake."

"Kwa nini?"

"Sioni."

Alingoja.

Dari halikuanguka. Bi Semboja hakupaza sauti. Kilichoshuka ni mabega yake mwenyewe, kama ya mtu aliyetua gunia na ambaye, hadi alipolitua, alidhani ule uzito ni mwili wake.

"Nilitaka kukuambia ni mpishi," akaongeza, kwa kuwa sasa ukweli ulikuwa umepata njia na haukutaka kusimama.

"Mpishi!" Bi Kihiyo akashika kiuno. "Mpishi alikufa ukurasa wa tisini!"

Rukia alicheka wa kwanza. Mwalimu Mhando, ambaye wanafunzi wake walibishana miaka na miaka kama ana meno, alicheka wa mwisho, na alicheka kuliko wote.

9

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA
Waliohudhuria: wafanyakazi watatu na mwenye duka.

Mwl. Mhando alikiri kuvunja kifungu (a) mara nne, akaomba avuliwe rafu. Bi Shekalaghe alisema iwapo haki ni haki, naye avuliwe, maana kurasa za vita huziruka zote. Bi Mwakalinga alikiri kuruka nasaba za wafalme. Mwenyekiti aliagiza maungamo yakome.

Maazimio:
(i) Kadi nne zishushwe. Aliyetia saini awaeleze wateja yeye mwenyewe.
(ii) Mwl. Mhando aende kliniki ya macho Jumatatu. Bi Shekalaghe amsindikize hadi mlango wa daktari, asije akaishia sokoni.
(iii) Rafu ibaki mikononi mwake.
(iv) Je, mtu aliyesomewa kitabu amekisoma? Mjadala ulikuwa mkali. Shauri limeahirishwa.

10

Nakala kamili ililetwa Ijumaa kwa basi la vifurushi. Jumamosi mchana, wateja walipopungua, Rukia aliketi juu ya kaunta, kinyume cha kanuni, akasoma tangu ukurasa wa thelathini na mbili. Mwalimu Mhando alipewa kiti cha wateja. Alifumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi hakuyakunja wala kuyabembeleza. Aliyaacha yapumzike, na kitabu kikamjia chenyewe.

"Rudia hapo. Alisema *jana* au *juzi*?"
"Juzi, Mwalimu."
"Basi anadanganya. Endelea."

Mpishi akafa. Mpelelezi akaipata kofia. Bi Kihiyo alifika saa kumi na mbili jioni na karanga, akakuta ndiyo kwanza mlango wa sebule unafungwa.

"*Muuaji yumo humu ndani, naye ni*," Rukia akasoma, akakomea hapo. "Nifunue?"

"Ngoja."

"Mwalimu, jamani!"

"Ngojeni, nimesema."

Miezi minne alijifanya anajua. Kumbe kutojua kulikuwa na utamu wake, nao ulikuwa mdomoni bado. Aliwahesabu watuhumiwa mmoja mmoja kwa vidole, bila haraka. Tusekile alitaja dada wa marehemu. Bi Kihiyo akaapa ni wakili, mawakili anawafahamu. Mwalimu alitikisa kichwa kwa wote wawili, akalipokea konzi la karanga, akaegemea.

"Haya, mwanangu. Soma."

Rukia akafunua ukurasa wa mia mbili na tisa.