Mkuu wa Waswahili

Balaa lilianzia kwenye neno moja la Kiingereza. Zaituni Mukarugwiza, mwalimu, alimwambia jirani yake Twahiru, fundi cherehani wa Nyamirambo, kwamba Jumamosi angemleta mgeni Mwingereza, "authority" wa Kiswahili. Alimaanisha mtu aliyebobea katika lugha hiyo. Lakini Twahiru aliwahi kushona nguo Kampala, na huko "authority" walikuwa watu wa manispaa waliokuja kubomoa vibanda. Na Kigali ya miaka ile, ukisema Waswahili watu wanaelewa Waislamu wa Nyamirambo. Basi Twahiru akatangaza baada ya swala: "Tumeletewa mkuu wetu!"

Jumamosi, Zaituni na mgeni wake, Bwana Pelham, walikuta ua wa Twahiru umejaa watu waliovaa kanzu za Idi.

"Bwana Mkuu, maji iko wapi?" akaanza Mama Hadija, muuza sambusa. "Bomba imekauka tangu Ramadhani!"

Pelham akachangamka. "Maji yako wapi," akasahihisha. "Bomba limekauka."

"Ndiyo, limekauka! Sasa?"

"Sasa ni sahihi kabisa."

Watu wakaguna. Zaituni akaingia kati. "Jamani, huyu hana cheo chochote! Anajua Kiswahili tu."

"Kiswahili hata kuku wangu wanakisikia," akajibu Mama Hadija. "Ndicho kilichompandisha ndege?"

Zaituni akamgeukia Twahiru. "Nani alikwambia ni mkuu?"

"Wewe! Ulisema authority."

"Nilimaanisha bingwa!"

"Basi ungesema bingwa, dada yangu. Nisingechinja mbuzi."

Pelham, aliyelidaka lile neno, akaweka mkono kifuani. "Ni kweli," akasema kwa haya. "Mimi ni authority."

Makofi yakalipuka. Mwenye kesi ya mpaka wa kiwanja akasogea mbele, mwenye mkwe mkorofi nyuma yake. Zaituni akaenda kukaa jikoni na wapishi, akala pilau.

Pelham akarudi kwao. Watu wakahamia mlangoni kwa Zaituni: mkuu wako amefikia wapi na lile bomba? Alieleza, akaeleza tena, sauti ikamkauka. Asubuhi moja akavaa viatu, akaenda mwenyewe kupanga foleni kwenye ofisi ya komini, manispaa ya huko, kudai bomba, akimlaani Twahiru njia nzima.