Jembe Lililoingia kwa Simu

Mnasema dunia imekwenda mbele. Haya, twende nayo. Lakini nani kati yenu amewahi kuona jembe likiingia kwenye simu? Joachim wa Kilolo aliliona, tena akiwa na kikombe cha chai mkononi, na nusura chai yenyewe imuunguze.

Ilikuwa Jumapili mwezi wa tatu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, naye alikuwa ametoka misa ya kwanza, anaota moto jikoni peke yake. Tangu mkewe Severina afariki alikuwa amezoea kuota moto peke yake, ingawa ukimuuliza atakwambia kuzoea ni uongo wa watu. Dada yake Veneranda, anayekaa nyumba ya pili, akaingia na simu yake ya kupangusa, ameishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto.

"Kaka, vaa koti, kaa vizuri. Tunaposwa."

"Nani anaposwa?"

"Bertha wako, bwana! Wapo hapa, wanakuona."

Bertha ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa Joachim, mwalimu wa watoto wadogo kule Uyole. Joachim akachungulia kioo cha simu. Akaona vijana watatu wamebanana kwenye duka la kutengeneza simu huko Ilomba, mjini Mbeya, na nyuma yao makava ya simu yananing'inia kila rangi. Wa katikati alimtambua: Boniface, kijana wa Kisukuma ambaye Krismasi iliyopita Bertha alimleta nyumbani na kumwita rafiki. Aliyeongea alikuwa mwingine, mmoja anayeitwa Charles.

"Shikamoo mzee! Mzee, tusikupotezee muda. Tumekuja kuposa."

"Mmekuja wapi?" Joachim akauliza, akageuka kutazama mlango.

Mtandao ukagoma. Charles akaganda mdomo wazi, na mtandao uliporudi akawa anamalizia: "...na hela ya jembe tumeshatuma, mzee, angalia simu yako." Kitochi cha Joachim, simu yake ndogo ya vibonyezo, kikalia mfukoni, ti-ti. Alipousoma ule ujumbe, wazo lake la kwanza lilikuwa matapeli, wale wa "ile hela itume kwenye namba hii". Lakini jina lilikuwa la Boniface.

Sasa, katika ukoo wa Joachim jembe ndiyo hodi. Watu wazima wanalibeba kwa mkono, wanaliweka chini mbele ya wenye binti, wanakaa. Wanaongea mengine yote kwanza. Likipokelewa ndipo mambo mengine yanafuata, na lisipopokelewa wanaondoka nalo na hakuna aliyeaibika sana. Na huyu kijana alikuwa amelifanya jembe kuwa mlio wa simu.

"Rudisha lilikotoka," Joachim alimwambia dada yake akimtupia kitochi. "Sasa hivi. Mimi nauza viazi hapa?"

Jioni Bertha alipiga simu akilia. Baba yake akamwambia hana ugomvi na mtu, ila mtu anayetaka binti ya watu aje na wakubwa wake wamwone uso. Akakata. Kisha akakaa akilitazama jiko, hasira imemwishia, moyo unamuuma tu.

Baada ya Pasaka wakaja kweli. Barabara ilikuwa tope tupu, bodaboda zimewashusha njiani, wakafika wamechafuka mpaka magotini. Mbele alikuwa Selestini, baba yake Boniface, mfugaji kutoka bonde la Usangu, mzee mrefu mwenye kofia ya pama na koti zito. Nyuma yake alikuwa mdogo wake amebeba jembe jipya, na Boniface akimalizia mstari kwa viatu vyeupe ambavyo havikuwa vyeupe tena.

"Kamwene," Joachim akawaamkia kwa Kihehe.

"Kamwene, kaka yangu," Selestini akajibu, maana miaka ya kuishi na watu wa huku imemfundisha. Akavua kofia. "Mwanangu amenivua nguo. Nimekuja kuzivaa tena."

Joachim alimpenda palepale, ila hakuonyesha. "Karibuni ndani. Msukuma mwenye haraka sijapata kumwona. Huyu kijana mlimwokota wapi?"

"Mjini!" Selestini akacheka. "Sisi tulitoka Magu, kule Usukumani, na ng'ombe, kwa miguu, mpaka Usangu. Ng'ombe humkimbizi, ukimkimbiza anafika mifupa. Huyu amekulia kwenye hizi simu, akibonyeza anataka kuona."

Ulanzi ukaletwa, ile pombe ya mianzi, maana mianzi ilikuwa bado inatoa, wazee wakanywa na kusifia. Wakazungumza mvua. Wakazungumza bei ya mbolea, ugonjwa wa ng'ombe, padri mpya wa parokia. Boniface mguu wake ulikuwa unatikisika chini ya kiti kama cherehani. Akatoa simu, akairudisha, akaitoa tena. Jua lilipoelekea kuzama mdogo wake Selestini akalilaza jembe kwenye mkeka, Selestini akasema maneno yake vizuri, maneno ya mtu mzima. Joachim akalitazama lile jembe kwa muda.

"Tumeliona," akasema. "Nendeni nalo. Mje baada ya mavuno, tuzungumze."

"Baada ya mavuno!" Boniface akaropoka. "Mzee, ukumbi tumeshauchukua, ni mwezi wa sita!"

"Funga mdomo," baba yake akamwambia, akaliokota jembe mwenyewe.

Walipoondoka Veneranda hakungoja hata vikombe vioshwe. "Wewe una nini? Watu wamekuja, wamejishusha, wamekunywa pombe yako na stori zako. Mvumilivu hula mbivu, sikatai, lakini akizidi kuvumilia hula zilizooza. Unangoja nini?"

Joachim alikuwa anakusanya vikombe. "Nikilipokea lile jembe, Veneranda, nyumba hii inabaki na mimi na paka."

Veneranda akampokea vikombe. Naye alikuwa mjane, hakuhitaji kufafanuliwa.

Lakini Bertha hakujua hilo. Usiku uleule alipiga simu, safari hii halii, na hilo ndilo lililomtisha baba yake. "Baba, kama humtaki sema humtaki. Tutaenda bomani, tutasaini, tutakutumia picha. Siwezi kuzeeka nikingoja mahindi yakauke." Joachim akabaki na simu sikioni hata baada ya kukatwa. Alimjua binti yake. Alikuwa na kichwa cha mama yake, akisema anaenda, anaenda. Na akienda hivyo, Krismasi atakuja kama mgeni, akae kidogo na mkoba mapajani, aondoke. Joachim hakulala. Mara kadhaa aliichukua simu ampigie aseme haya, leteni jembe hata kesho, na kila mara akairudisha, kwa kiburi na kwa huzuni, hajui kipi kilikuwa kikubwa.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, Bertha akaja. Hakusema amekuja kwa nini na baba yake hakuuliza, aliogopa jibu. Siku za kwanza walipishana mle ndani kama wapangaji. Shikamoo baba, marahaba, chakula mezani, basi. Maharage yalikuwa yamekauka, yanapasuka yenyewe shambani, hayangojei watu wamalize kununiana. Wakayang'oa, wakayabeba, wakayatandaza uani juu ya turubai, kila mtu akashika fimbo yake wakaanza kupura. Na kazi ya kupura, wanaoijua wanajua, haifanyiki kwa kununa. Fimbo zenu zisipopishana vizuri mtapigana vidole.

"Na mama ulimposaje?" Bertha akauliza siku moja, hajainua uso.

Joachim akaweka fimbo chini. Akamwambia alivyokuwa kijana asiye na hata koti, anatoka Dabaga alfajiri kwa miguu, baba yake mkubwa mbele na jembe begani. Mara ya kwanza mkwe aliongea habari za mvua mpaka giza, akawaambia mje siku nyingine. Mara ya pili hawakumkuta kabisa, ameenda shamba la mbali, na mama mkwe akawakalisha uani wapukuchue mahindi yake mchana kutwa. "Nilimtukana yule mzee moyoni, Bertha, Mungu anisamehe. Nilimtukana kila punje. Lakini mama yako alikuwa anapita pita pale na ndoo za maji, ananicheka nilivyochubuka vidole. Nikakisikia kicheko chake siku nzima. Nilikuwa nimeijua sura yake tu, kanisani. Ile siku ndiyo nilimjua mwenyewe, kwa sababu baba yake alinichelewesha."

Akainama kuokota fimbo, hakuiokota. "Nikikaa hapa bado nakisikia," akasema.

Bertha akamfuta maganda ya maharage begani. Aliliona sweta la baba yake lilivyotoboka kwenye viwiko, na kesho yake akavifuma upya. Tangu siku hiyo waliongea. Waliongea wakipepeta, wakiota moto, wakichoma mahindi machanga ya mwisho yaliyokuwa bondeni. Akamuuliza mambo ya bibi, ya ndugu zake waliofariki wadogo, ya wimbo ambao mama yake alipenda kuuimba kwenye kwaya. Vitu ambavyo miaka yote alikuwa anavipita mbio, kuja leo, kuondoka kesho kutwa, simu sikioni.

Boniface naye alianza kupiga kitochi cha mzee. Mara ya kwanza Joachim alidhani ni habari za ukumbi. Kumbe kijana alikuwa anasalimia tu. "Kamwene, baba," kwa Kihehe cha kuokoteza, halafu za kulala, za maharage, za shangazi, za mbuzi. Vocha ikaisha bado wanaulizana mbuzi. Joachim akaitazama simu, akatikisa kichwa. "Mtoto wa watu anajitahidi," akasema, na Bertha akajifunika uso kwa kanga asionekane anavyofurahi.

Wakaja tena mwezi wa saba, baridi imekaza, nyasi za asubuhi zina barafu. Sebule ilijaa wazee wa pande zote mbili. Jembe likalazwa mkekani. Yakazungumzwa yote ya kuzungumzwa, na Boniface safari hii alikaa mikono magotini, mguu umetulia, simu sijui aliiacha wapi. Ndipo Bertha akaitwa kutoka chumbani, akaja akapiga magoti mbele ya shangazi yake, kwa kuwa mwenye kuulizwa mwisho ni binti.

"Bertha," Veneranda akasema, "hawa watu unawajua?"

"Nawajua, shangazi."

"Tulipokee jembe lao?"

Hapo ndipo kila mtu alipodhani atasikia ndiyo kabla swali halijaisha. Si yeye aliyekuwa na haraka? Si yeye aliyesema ataenda bomani? Bertha akainua uso. Akamtazama baba yake kwenye kiti chake, na lile sweta lenye viwiko vipya. Machozi yakaanza kumtoka, jibu halitoki.

Selestini akaangalia kofia yake. Boniface hakujikuna wala hakukohoa. Alimtazama tu Bertha kwa upole, kama mtu aliye tayari kukaa pale mpaka mavuno mengine.

Aliyeshindwa ni Joachim. Tangu mwezi wa tatu alikuwa ameomba muda, ameung'ang'ania kwa kucha na meno, na sasa anapewa wote aliotaka, bure, mbele ya watu, na kila pumzi ya ule ukimya ilikuwa inamchoma kifuani.

"Jibu, mwanangu," akasema. "Jibu upesi."

Veneranda akageuka kumtazama, asiamini masikio yake. Wazee wakaguna. Bertha akacheka katikati ya machozi. "Baba! Leo wewe ndiye wa haraka?"

"Ukikaa kimya kidogo tu zaidi, nitawafukuza," Joachim akasema. "Na nikiwafukuza hawa nitakuwa nimekukosea maisha yako yote. Jibu, mama yangu, nikiwa bado nina nguvu."

"Pokea, baba," Bertha akasema.

Joachim akainuka, akapiga goti kwenye mkeka, akalipokea jembe kwa mikono miwili. Kisha akalia palepale, mbele ya wakwe zake, kwa sauti, wala hakuona aibu.