Mchunaji wa Nne

Ng'ombe wa Nthiga alijifia mwenyewe, na kila mtu huku kwetu Ishiara alijua hivyo kabla ya kununua nyama. Msiniambie habari ya ujinga. Nyama ilikuwa rahisi na Krismasi ilikuwa mbali.

Mimi nilijua zaidi ya wote. Mimi ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, mwenye jaketi la bluu, niliyesimama kanisani mwezi huohuo nikawakemea watu kwa kula mizoga. Kisha Ndambiri, mume wangu, akaenda kusaidia kuchuna, akarudi na mguu mzima begani, damu ikimchuruzika shingoni. Njoki, jirani yetu, alikuwa anapita na furushi lake la nyama. Tuliangaliana. Nikamwambia Ndambiri aingie upesi, nikafunga mlango, tukapika tukala.

Baada ya siku tano Nthiga alilazwa, mkono umevimba, una kidonda cheusi kisichouma. Wakasema ni kimeta, ugonjwa wa mifugo unaomshika mtu akigusa mzoga au akiula. Kutoka Embu akaja Mwiti, ofisa wa afya ya umma, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Kazi yake ilikuwa kuuliza: nani alichuna, nani alibeba, nani alipika, nani alikula. Ukijibu, anaandika jina lako na kukupa vidonge. Begi la vidonge nililibeba mimi.

Watu walikana kama waliofundishwa darasa moja. Chifu alikuwa ametangaza kwamba waliokula watashtakiwa, basi kila sufuria ikawa ya githeri, mahindi na maharagwe tu. Tulipofika kwa Njoki nilikuwa nimechoka nao. Mtoto wake alikaa mlangoni, jicho limefungwa na uvimbe.

"Njoki, wacha kudanganya daktari," nikasema mbele ya watu. "Ulibeba hiyo nyama. Nilikuona."

Njoki naye alikuwa ametuona siku ile. Angeweza kusema. Akanyoosha mkono, akapokea dawa. Nikafurahi kwamba amenyamaza, na nikamdharau kwa hilohilo.

"Nthiga aliniambia walichuna watu wanne, kabla hajapoteza fahamu," Mwiti alisema tukitoka. "Nimepata watatu. Huyo wa nne hajapata dawa, na anaweza kufa. Unamjua?"

"Alikuwa kibarua tu. Ameenda Mitunguu kukata ndizi."

Akaandika. Tukafika kwangu. Ndambiri alikuwa ndani, shingo ameifunga kwa leso yangu.

"Na hapa, madam?"

"Hapa ni kwangu. Sisi ni wazima."

"Laiti kila kijiji kingekuwa na mtu kama wewe," Mwiti akasema, akapita.

Ndambiri alisikia kila neno. "Cicily, nipe hata viwili tu," aliniambia. Nikamjibu kwamba kila kidonge kina jina la mtu, na kwamba kidonda kisichouma kitapona chenyewe. Niliogopa kuvuliwa jaketi mbele ya wale niliowakemea. Kifo sikukiona. Aibu niliiona vizuri.

Mwiti alizunguka Mitunguu siku mbili, shamba kwa shamba, akimtafuta mtu ambaye hakuwepo. Siku ya tatu shingo ya Ndambiri ilivimba ikameza kidevu. Pumzi zilimwishia tukimpakia kwenye pikipiki.

Mwiti alikuja matangani, kabla ya maziko. Aliitazama shingo ile, akatoa karatasi yake, akafuta neno Mitunguu. Hakunigombeza.

"Kidonda kilianza lini?"

"Kilikuwepo siku ile uliposimama hapa."

Akaandika na hilo, akaomba jaketi. Nililivua mbele ya watu wote. Hakuna aliyenicheka, na afadhali wangenicheka.

Njoki alikuja na sufuria ya uji, mtoto wake nyuma, macho yote mawili wazi. Akanimiminia kikombe, akaketi karibu nami.

"Mimi niliona Ndambiri akiubeba ule mguu," alisema polepole. "Nilinyamaza kwa sababu begi lilikuwa kwako, Cicily. Nilijua utampa."