Kondoo wa Ukutani

Kila Jumamosi saa nne asubuhi mchunga kondoo aliingia kanisani kwa mlango wa nyuma, akavua viatu, akapiga magoti chini ya picha iliyochorwa nyuma ya madhabahu, na kuanza kuwachonga kwato kondoo wa picha ile. Walikuwa saba. Ukuta ulivuja, na kondoo akisimama kwenye unyevu kwato huoza, awe wa zizini au wa rangi. Alitumia kisu kile kile alichotumia kwa kondoo wa kanisa aliowachunga bondeni. Mchungaji Mwema wa pichani, fimbo mkononi, miguu safi, aliangalia pembeni.

Mama mfagiaji alimfuata nyuma na ndoo ya maji ya sabuni.

"Hivi mzee, wewe na beberu mna tofauti gani?"

"Beberu mvua ikinyesha anaoga. Mimi nakimbia."

Jumapili hakuruhusiwa kuingia. Katibu wa kanisa alishamweleza kwa upole, miaka mingi nyuma, kwamba waumini wanalalamikia harufu. Basi alisimama nje, chini ya dirisha la tatu, ambako ibada ilisikika vizuri.

Jumapili ya mwisho wa mwezi mjukuu wake wa kwanza angebatizwa. Binti yake alikataa katakata kumtajia jina.

"Utalisikia kasisi akilitamka, baba. Usiniharibie."

Jumapili iliyotangulia, kasisi alikuwa akihubiri jinsi kondoo wanavyoijua sauti ya mchungaji wao, na kule nje mchunga kondoo akakohoa. Wale saba wakashuka ukutani, wakapita katikati ya viti na kutoka. Walikuwa na upande mmoja tu, kwa kuwa mchoraji hakuchora wa pili, na mmoja wao alikuwa na miguu mitatu. Wa nne ulikuwa umefichwa na mwamba. Waumini waliokaa pembeni walivuta mikoba yao kuwapisha. Kasisi akaendelea na hoja ya tatu.

Ibada ilipokwisha mzee aliwarudisha kwa mlango wa nyuma, kila mmoja mahali pake. Yule wa miguu mitatu alibebwa.

Kamati ilikaa Jumatano. Walimwita, akasimama mlangoni.

"Hatukulaumu," katibu alisema. "Ila bila kondoo, yule pale ukutani anaonekana kama mtu anayesubiri basi."

"Nikiwa ndani hawatatoka. Nipeni kiti cha nyuma kabisa, siku hiyo moja tu. Mjukuu wangu anabatizwa."

Wakatazamana. Kasisi alisema hilo ni wazo zuri na litafikiriwa. Mzee alipoondoka, walikubaliana madirisha yafungwe.

Jumapili ya ubatizo, jibu likiwa halijaja, alioga mara mbili, akavaa shati lililonyooshwa, akaenda kwenye dirisha lake. Kupitia kioo alimwona kasisi akichota maji. Alimwona binti yake akigeuka kumtafuta. Midomo ya kasisi ilifunguka na kufungika. Jina lilikuwa fupi. Kikohozi kilimpanda kooni, akakimeza, kondoo wasije wakashuka na kumharibia mtoto siku yake. Nyuma ya madhabahu kondoo wote saba walikuwa wamegeuza shingo kuelekea dirishani.

Binti alitoka na mtoto amefungwa kitambaa cheupe.

"Ulisikia, baba?"

"Vizuri kabisa."

"Umelipenda?"

"Sana, mwanangu."

"Nilijua tu!" Binti akacheka, akafuta machozi, akaenda kupigwa picha. Baada ya hapo mzee hakuona namna ya kuuliza. Akawa anamwita mtoto "mjukuu", na watu wakaona anamdekeza.

Madirisha hayakufunguliwa tena. Jumamosi saa nne alikuwa amepiga magoti chini ya picha, kisu mkononi. Aliwaita kondoo kwa majina aliyowapa mwenyewe, mmoja mmoja, nao wakamwinulia miguu.